Uvimbe Ukiisha, Kifundo Bado Hakijapona

Hakuna jeraha la michezoni linalochukuliwa kwa wepesi kama kuteguka kwa kifundo cha mguu. Mchezaji huanguka, hushika mguu kwa mikono miwili, hupuliziwa dawa ya baridi, huinuka akichechemea na, mechi ikiwa na uzito, hurudi uwanjani huku akishangiliwa. Baada ya wiki mbili uvimbe umeshuka, kiatu kinaingia bila taabu, na kila mtu, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, huhesabu kwamba jambo hilo limekwisha. Kazi yangu ni kuwarudisha wanamichezo uwanjani baada ya kuumia, na sehemu kubwa ya kazi hiyo, kwa upande wa enka, inatokana na imani hii kwamba uvimbe ukiisha jeraha limepona. Wengi hawaji kwangu kwa sababu ya mteguko wa kwanza. Huja na wa tatu au wa nne, tena ule uliotokea walipokuwa wakitembea tu.

Ili kuelewa kwa nini mambo huwa hivyo, inabidi tuutazame mwili wenyewe. Kifundo kimeundwa na mifupa mitatu: muundi, ambao ni mfupa mnene wa mbele, fibula, ambayo ni mfupa mwembamba wa upande wa nje, na talasi, mfupa mdogo unaokaa juu ya mfupa wa kisigino na kushikwa na ile miwili ya kwanza kwa pande zote mbili. Ncha za chini za muundi na fibula ndizo zile nundu mbili tunazoziita macho ya mguu. Ukizipapasa utagundua kwamba jicho la nje limeshuka chini kuliko la ndani, na kwa sababu hiyo mfupa huuzuia unyayo usipinduke kuelekea nje, ilhali kupinduka kuelekea ndani hakukutani na kizuizi cha maana. Ligamenti nazo, yaani zile nyuzi ngumu zinazofunga mfupa na mfupa, hazikugawanywa kwa usawa. Za upande wa ndani zimeungana zikawa utando mpana na mnene, lakini za upande wa nje ni tatu zilizoachana, na ile ya mbele, inayotoka kwenye jicho la nje kwenda kwenye talasi, ndiyo dhaifu kuliko zote. Hiyo ndiyo hukatika kwanza karibu kila mara.

Liko jambo la tatu ambalo wachezaji wachache hulijua. Talasi ni pana kwa mbele na nyembamba kwa nyuma. Unaposimama unyayo wote ukiwa chini, sehemu ile pana hukaa katikati ya macho mawili na kifundo hubanwa vizuri. Unapoelekeza vidole chini, kama mtu anayeshuka kutoka kwenye kuruka, sehemu nyembamba ndiyo inayoingia pale na kiungo hulegea. Yaani mchezaji hutua ardhini wakati ambao kifundo chake kina ulinzi mdogo kabisa wa mifupa. Akitua mahali palipo sawa hakuna neno. Akitua juu ya kiatu cha mtu mwingine, uzito wake wote hupita upande wa nje kwa muda mfupi kiasi kwamba misuli haiwahi kujikaza.

Ndiyo maana michezo ya kuruka katikati ya watu huongoza kwa majeraha haya. Katika mpira wa wavu mengi hutokea chini ya wavu, mpigaji au mzuiaji anaposhukia mguu wa mpinzani uliosogea kwenye mstari wa kati. Katika mpira wa kikapu, tukio linalokumbukwa na wengi ni la Mei 2017, pale Kawhi Leonard wa San Antonio Spurs aliporusha mpira na kutua juu ya mguu wa mlinzi katika mchezo wa kwanza wa fainali ya kanda ya magharibi ya NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Hakucheza tena msimu ule, na kabla ya msimu uliofuata ligi iliwapa waamuzi uwezo mkubwa zaidi wa kumwadhibu mlinzi anayemnyima mrushaji nafasi ya kutua. Mfano huu naupenda kwa sababu unaonyesha kwamba kinga nyingine haimo mwilini mwa mchezaji hata kidogo. Imo katika sheria za mchezo na katika jinsi mwamuzi anavyozisimamia. Katika kandanda huongezeka kukwatuliwa, kukata kona kwa ghafla, na viwanja vyenye mashimo.

Madaktari huyagawa majeraha haya katika madaraja matatu. Daraja la kwanza ni nyuzi kuvutwa bila kukatika kwa kiasi kinachoonekana. La pili ni kukatika kwa sehemu. La tatu ni ligamenti kukatika kabisa na kiungo kulegea. Mgawanyo huu unasaidia, lakini siku ya kwanza si rahisi kuupata kwa uhakika, kwa maana maumivu na uvimbe humfanya mchezaji akaze mguu wote na hakuna anayeweza kupima kulegea kwa kiungo kilichokazwa. Kipimo cha kuvuta kisigino mbele huku muundi umeshikwa hutoa jibu la kuaminika zaidi siku ya nne au ya tano.

Upo pia mteguko wa juu, unaowadanganya hata watu wazoefu. Huu hauhusu zile ligamenti tatu za nje, bali zile zinazozifunga muundi na fibula pamoja juu kidogo ya kiungo, na hutokea zaidi unyayo unapokuwa umekita ardhini kisha ukazungushwa kuelekea nje. Uvimbe wake unaweza kuwa mdogo, nao udogo huo humfanya mchezaji adhani ameponea chupuchupu. Lakini ukibana muundi na fibula kwa mkono katikati ya mguu, maumivu hujitokeza chini karibu na kifundo, na kila anapotaka kujisukuma mbele mguu unamkatalia. Kupona kwake huchukua muda mrefu kuliko mteguko wa kawaida, na mingine huhitaji upasuaji. Mchezaji mwenye uvimbe kidogo lakini asiyeweza kusukuma ardhi hunitia wasiwasi kuliko yule ambaye kifundo chake kimejaa na kubadilika rangi.

Sasa tuje pale uwanjani, mtu yuko chini. Watu wote hukimbilia barafu, ilhali swali linalotakiwa kujibiwa mwanzo ni kama mfupa umevunjika. Mwaka 1992 daktari Ian Stiell na wenzake wa Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni ambazo hadi leo hutumika katika vyumba vya dharura duniani kuamua nani apigwe picha ya eksirei na nani asipigwe, na mtu yeyote makini anaweza kujifunza kuzifuata. Anza kwa vidole vyako kwenye ukingo wa nyuma wa jicho la nje, kama sentimita 6 juu ya ncha yake, ubonyeze mfupa wenyewe ukishuka polepole hadi nchani. Fanya vivyo hivyo upande wa ndani. Kisha fuata ubavu wa nje wa unyayo hadi kwenye nundu iliyo karibu katikati, ambako mfupa wa kidole cha mwisho huanzia, ubonyeze hapo. Halafu ubonyeze ule mfupa unaojitokeza upande wa ndani wa unyayo, mbele kidogo ya kifundo. Wakati wote huo tazama uso wa mchezaji, maana mdomo unaweza kusema haumii kwa sababu anataka kurudi kucheza. Mwisho mwombe atembee hatua nne, hata kama anachechemea. Mfupa ukiuma unapobonyezwa katika mojawapo ya sehemu hizo, au akashindwa kutembea hatua nne pale alipoumia na tena mbele ya daktari, apigwe picha. Visipokuwepo vyote viwili, uwezekano wa kuvunjika ni mdogo sana.

Kanuni hizo zina mipaka. Hazimfai mlevi, mtu aliyepoteza hisia za miguu, wala yule mwenye majeraha mengine makubwa yanayomshughulisha. Watoto wanaokua wana tabaka la kukulia karibu na ncha za mifupa ambalo linaweza kuumia pale ambapo mtu mzima angeumia ligamenti, kwa hiyo mtoto anayeumia juu ya mfupa ni heri apelekwe kwa daktari hata kama anatembea. Mguu uliopinda, vidole vilivyopoa au kufa ganzi, na jeraha lililochana ngozi ni mambo ya kwenda hospitali moja kwa moja bila kubonyezabonyeza. Na ile sauti ya mlio ambayo wachezaji huisimulia kwa hofu haithibitishi chochote, kwani ligamenti ikikatika nayo hulia.

Kuhusu siku za mwanzo, ushauri umebadilika kuliko watu wengi wanavyodhani. Mwaka 1978 daktari Mmarekani Gabe Mirkin alieneza kanuni ya mambo manne: kupumzika, barafu, kubana na kuinua mguu. Kanuni ile ilienea dunia nzima, kisha mwaka 2014 Mirkin mwenyewe akaandika kwamba barafu na mapumziko kamili huenda yakachelewesha kupona badala ya kusaidia, kwa kuwa uvimbe na joto la siku za mwanzo ni sehemu ya mwili kujitengeneza. Msimamo wangu ni kwamba barafu ni dawa ya maumivu, na itumike hivyo: dakika 10 hadi 15, ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, mara chache katika siku moja au mbili za kwanza, na asiyeihitaji aiache. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, kwani huunguza.

Kubana nakupa uzito zaidi, na ndiko hukosewa zaidi. Bendeji ya kunyumbulika ianzie karibu na vidole, ipande ikipishana kuzunguka kisigino, na iishie juu ya kifundo, ikilegea kadiri inavyopanda. Inayofungwa juu ya kifundo peke yake huusukumia uvimbe wote kwenye vidole. Hata ikifungwa vizuri, bendeji huwa inaning'inia juu ya shimo lililo nyuma na chini ya jicho la nje, mahali penyewe ambapo damu na maji hukusanyika. Kwa hiyo kata kipande cha sponji kwa umbo la herufi U, kikumbatie jicho kwa chini, kisha funga bendeji juu yake. Kazi hiyo inachukua dakika mbili na tofauti yake huonekana kesho yake asubuhi. Vidole vikibadilika rangi au kufa ganzi, legeza. Usiku mguu ulale juu ya mito, juu ya usawa wa moyo.

Maji ya moto na kuchua kwa nguvu viachwe katika siku hizo, kwa kuwa vyote viwili huongeza damu kuvuja ndani ya nyama ambazo bado hazijafunga. Nimewaona watu waliokandwa kwa bidii kubwa na wenye mapenzi mema, wakafika wakiwa na mguu ulioharibika kuliko ulivyokuwa walipoumia. Kwa maumivu, parasetamo au jeli ya diklofenaki ya kupaka hutosha mara nyingi. Vidonge kama ibuprofeni vinasaidia pia, ila mwenye vidonda vya tumbo, matatizo ya figo au pumu amuulize daktari kwanza. Kumeza dawa ya maumivu ili umalize mechi ni kuizima ishara pekee inayokuambia usimame.

Baada ya hapo mguu unatakiwa kutembea, na mapema. Magongo ni ya siku chache, na hata ukiwa nayo uweke unyayo chini kwa uzito unaovumilika, kisigino kwanza, badala ya kuning'iniza mguu hewani. Ligamenti inayopona ikivutwa kidogo kidogo hupanga nyuzi zake kufuata mwelekeo wa kazi yake. Hata hivyo kanuni hii isigeuzwe ushupavu: kwa mteguko mkali ambao mtu hawezi kabisa kuukanyaga, utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2009 uliona kwamba waliofungwa hogo chini ya goti kwa siku 10 walipata nafuu haraka kuliko waliovishwa bendeji ya kawaida. Siku 10, sio wiki sita.

Hapa ndipo wengi huishia, na hapa ndipo nusu ya pili ya jeraha huachwa. Mwaka 1965 daktari Mwingereza Michael Freeman na wenzake walitoa hoja kwamba ligamenti inapochanika, neva ndogo zilizomo ndani yake, zinazoiarifu akili unyayo umekaaje, huchanika nazo. Na kwamba kifundo kinachoendelea kumtoroka mtu, yaani kupinduka ghafla akikikanyaga, mara nyingi hakijalegea kama anavyodhani, ila kimepoteza taarifa. Dawa waliyoipendekeza ilikuwa mazoezi ya kusimama kwenye ubao usiotulia. Maelezo ya jinsi jambo lenyewe linavyofanyika mwilini yamerekebishwa tangu wakati huo, lakini dawa ile imepimwa tena na tena kwa wanamichezo na imeendelea kuthibitika: mazoezi ya mizani hupunguza miteguko, hasa kwa yule aliyewahi kuteguka. Na kuwahi kuteguka ndicho kiashiria kikubwa kuliko vyote cha kuteguka tena.

Kulijaribu hili hakuhitaji kifaa. Mwache mtu asimame peku kwa mguu mzima, mikono kiunoni, sekunde 30, kisha abadilishe mguu. Kwa mguu mzima utaona unyayo umetulia. Kwa mguu ulioumia, hata ule ambao hauna uvimbe wala maumivu tena, utaona kano zilizo nyuma ya jicho la nje zikichezacheza chini ya ngozi, vidole vikikwaruza sakafu kutafuta pa kushika, na nyonga ikiyumba ili kusaidia kazi ambayo kifundo kimeishindwa. Mwambie afumbe macho, na mara nyingi hafiki sekunde 10. Wachezaji hucheka wanapojiona hivyo, kisha hunyamaza. Zoezi lenyewe la tiba ni lilelile, dakika chache kila siku, na ugumu ukiongezwa kwa hatua: kufumba macho, kudaka mpira, kusimama juu ya kitu laini, na hatimaye kuruka, kutua kwa mguu mmoja na kubaki hapo bila kuweka wa pili chini.

Pamoja na hilo ipo misuli ya ubavu wa nje wa mguu, ambayo huurudisha unyayo unapotaka kupinduka, nayo hufunzwa kwa kusukuma mkanda wa mpira unaovutika kuelekea nje kwa unyayo. Ipo misuli ya shavu la mguu, nyuma chini ya goti, inayofunzwa kwa kuinuka juu ya vidole kwa mguu mmoja. Upo pia wepesi wa kiungo kukunja kwenda juu, ambao hupotea kimyakimya: simama mbele ya ukuta, sogeza goti liuguse bila kisigino kunyanyuka, halafu rudisha unyayo nyuma kidogo kidogo hadi ufike mwisho wako, ulinganishe na mguu wa pili. Asiyeweza kukunja hutua vidole vikiwa vimeelekea chini kuliko kawaida, na nimekwisha kueleza hali ya kiungo katika mkao huo.

Je, arudi lini kucheza? Kwa kawaida daraja la kwanza huchukua wiki moja hadi tatu, la pili wiki tatu hadi sita, na la tatu miezi miwili au zaidi, ila mimi siitumii kalenda kutoa ruhusa. Natazama kama mguu ulioumia unaruka kwa umbali unaokaribiana na mzima, kama anakimbia na kukata kona pande zote bila kujilinda, na kama amemaliza mazoezi kamili na timu bila kuvimba siku ya pili. Namuuliza pia kama anauamini mguu wake, na jibu la kusitasita nalihesabu kuwa ni hapana. Walimu wa timu hawalipendi sana jambo hili. Ligamenti huendelea kujijenga ndani hata mwaka mzima, kwa hiyo mazoezi ya mizani hayakomi siku ya kurudi.

Katika miezi hiyo, kifaa cha kufunga kwa kamba ndani ya kiatu kina thamani kubwa kwa yule aliyewahi kuumia. Plasta za kubandika nazo hufanya kazi, lakini hulegea sana baada ya dakika 20 hadi 30 za jasho na mbio, na zinahitaji fundi wa kuzibandika. Hofu kwamba kifaa hudhoofisha misuli haina msingi thabiti, alimradi mazoezi yanaendelea. Kiatu kirefu peke yake hakijaonyesha faida ya kutegemewa. Kwa timu nzima, ratiba ya kupasha misuli ya FIFA 11+, yenye mazoezi 15 ya takriban dakika 20, ina kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua ndani yake, na timu zinazoifanya kwa uaminifu angalau mara mbili kwa wiki huumia kidogo kuliko zinazokimbia mizunguko ya uwanja tu.

Wapo ambao baada ya miezi ya mazoezi ya kweli kifundo bado kinawatoroka, na hao upasuaji wa kukaza na kuzishona upya ligamenti za nje, ulioelezwa na Msweden Lennart Broström mwaka 1966 na kuboreshwa baadaye, huwapa wengi wao uthabiti. Stephen Curry, mchezaji wa kikapu wa NBA, alifanyiwa upasuaji wa kifundo cha kulia mwaka 2011 na tena mwaka 2012, wakati ambapo wengi walishuku kama angedumu uwanjani, na urejeo wake ulijengwa kwa mazoezi mengi ya nyonga pamoja na vifaa vya kushikilia vifundo. Wapo tena wengine ambao mguu haulegei kabisa lakini unauma ndani kwa ndani, unakwama au unavimba kila baada ya mchezo hata miezi mitatu ikiwa imepita. Hao nawapeleka kwa daktari wa mifupa wapigwe picha ya MRI, kwa sababu siku ile waliyoteguka huenda talasi iligonga mfupa wa juu yake na kuharibu gegedu inayoifunika, na hali hiyo picha ya kawaida ya eksirei inaweza isiioneshe.